Ini Langu na Ini la Karembo

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana nisipoanza nao mimi, majirani watawaanzia. Mimi, niliyekagua nyama kichinjioni tangu nikiwa kijana wa kiuno chembamba hadi nikastaafu na tumbo la kuegemeza gazeti, nilimfunga ng'ombe wa mke wangu kwenye kinamasi. Si kwamba sikujua. Kama kuna jambo moja duniani ninalolijua vizuri, ni kile kinachompata ng'ombe anayelishwa kwenye kinamasi. Nilimfunga pale kwa sababu pale nilikuwa namwona kutoka kwenye kiti changu cha varanda, bila kuinuka.

Sasa nyinyi vijana mnaosomea mambo ya mifugo, na nyinyi msiosomea chochote lakini mna ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba, ketini niwasimulie. Sitawachosha na historia. Nilimaliza kidato cha nne, nikapelekwa kozi, nikarudi Nyeri na kisu, gambuti na muhuri, basi. Watu wa kwetu wakaanza kuniita Daktari, kwa sababu kwetu mtu yeyote anayevaa koti jeupe na kumkaribia ng'ombe ni daktari. Mwanzoni nilikuwa nikieleza kwamba mimi ni mkaguzi wa nyama, na kwamba ng'ombe akinifikia mimi hana haja ya daktari tena. Niliona watu wanaudhika. Nikaacha kueleza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Gichuki, mkaguzi wa zamani mwenye masikio makubwa na maneno machache. Siku yangu ya kwanza alinipa ini na kisu, akasema, "Kata." Nikatafuta mahali palipovimba vizuri, nikidhani ndipo penye kazi, nikakata. Palikuwa ni kifuko cha nyongo. Nyongo iliruka, nusu ikaniingia mdomoni, nusu ikamwendea mwenye bucha mmoja aliyekuwa amevaa shati jeupe kwa sababu kutoka pale alikuwa anaenda mazishini. Mzee Gichuki hakucheka. Alinipa kitambaa, akasema, "Sasa unajua kifuko kiko wapi."

Ukitaka kujua ini, utalishika kwanza. Ini zuri linateleza mkononi, limelegea kidogo, na kingo zake ni nyembamba. Ini lenye mnyoo linakuwa zito, kingo zimenenepa, na upande wa chini utaona mirija ya nyongo imesimama kama mishipa ya shingo ya mtu anayegombana. Hapo ndipo unapokata, kuvuka mirija, si kuifuata. Halafu unakamua kwa kidole gumba. Kama wapo, watatoka: bapa, rangi ya kahawia, umbo la jani dogo, wakijikunja polepole kana kwamba umewafungulia mlango wakiwa wanaoga.

"Hiyo ni ya macho," Mzee Gichuki aliniambia. "Sasa funga macho ukate tena."

"Nitajikata kidole, Mzee."

"Utakuwa umejifunza mbili."

Nilifunga macho nikakata. Ini zima halina sauti. Lakini ini ambalo mnyoo ameishi ndani yake kwa muda mrefu, mirija yake imekauka ikawa ngumu kama chokaa, na kisu kikipita kinalia, krrr, kama unakata kitambaa chenye mchanga. Siku hizi nikipita kichinjioni kusalimia, naona vijana wanakagua na vitu vya muziki masikioni. Wao wanasikia wimbo, ini linajisemea peke yake.

Wenye bucha wote ni watu wazuri, mpaka ini lao likataliwe. Mmoja aliitwa Ndirangu, mtu mcheshi, mkarimu, mwongo kabisa. Asubuhi moja alileta ng'ombe kadhaa, na kila nilipomaliza mmoja na kuhamia mwingine, nilikuta ini safi, linang'aa, limewekwa kando ya nyama yake vizuri kama mgeni. Nikafurahi. Nikasema moyoni, hatimaye mtu amenunua ng'ombe wazuri. Halafu nikagusa ini la ng'ombe wa mwisho.

"Ndirangu, hii ini ni ya ng'ombe gani?"

"Ya hii hapa, Daktari. Si unaona iko karibu nayo?"

"Ng'ombe amechinjwa saa hii. Mbona ini iko baridi?"

"Hiyo ng'ombe ni ya baridi. Ilitoka Mweiga, huko juu karibu na msitu."

"Na hii alama ya kisu?"

Ndirangu aliinama akaitazama alama ile, ambayo ilikuwa ya kisu changu mwenyewe, niliyoiacha kwenye ini la ng'ombe wa kwanza, kwa uso wa mtu anayetazama msiba. Akatikisa kichwa. "Aki maskini," akasema. "Kumbe ilikuwa imefanyiwa operesheni."

Kwa hivyo somo ni hili: gusa kabla hujatazama. Joto halijui kusema uongo. Na ukimshika mtu kama Ndirangu, cheka baadaye, ukishamwaga rangi juu ya maini yote mabovu ili yasiuzike na kuona yakiingia shimoni. Ukicheka mapema, utageuka ukute moja limepanda pikipiki.

Kitu ambacho hawakunifundisha kwenye kozi, lakini nilikipata kwa miaka ya kukata, ni kwamba ini ni kitambulisho. Linasema ng'ombe alilelewa wapi. Palikuwa na mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, Hassan, mtu wa kanzu safi hata katikati ya kinyesi. Ng'ombe wake walitoka kule chini kukavu, wamekula jua na vumbi, na maini yao yalikuwa laini kama sabuni mpya. Siku moja dalali mmoja alileta ng'ombe akaapa kwamba anatoka Timau, kwenye mashamba ya ngano. Nikakata ini. Kisu kikalia.

"Huyu hajatoka Timau," nikasema. "Huyu ameishi kwa maji. Huyu ni wa Mwea, kwa mashamba ya mchele."

Dalali akashangaa. "Ati unajua Mwea kwa kuangalia ini tu? Na kijiji utajua?"

"Ukinipa muda, nitajua na mfereji."

Hassan alikuwa amesimama mlangoni. Akavuta kanzu yake, akarudi nyuma hatua moja. "Wallahi," akasema, "siku mimi nikifa, huyu asiitwe."

Basi hayo ndiyo maisha yangu. Na kwa kuwa serikali haipendi mtu ajue kitu halafu anyamaze, walinituma pia kwenye baraza za machifu kufundisha wakulima. Nilikuwa na karatasi kubwa niliyoichora mwenyewe, duara lenye mishale. Juu ng'ombe. Ng'ombe ana mnyoo, mnyoo anataga mayai, mayai yanatoka na kinyesi. Kinyesi kikiangukia maji, yai linaanguliwa, na kitoto kinamtafuta konokono mdogo wa kwenye matope. Ndani ya konokono kinazaana kama kimelipwa. Vikitoka, vinapanda juu ya jani lililo karibu na maji, vinajifunika, vinangoja. Ng'ombe anakuja, anakula jani, anakunywa maji, mchezo unaanza upya. Konokono wangu alikuwa mkubwa kuliko ng'ombe, kwa sababu sijui kuchora, na wazee walimpenda sana.

Kila baraza, lazima mtu aliuliza, "Na mtu akila hiyo ini yenye mdudu?"

Na kila baraza nilijibu vilevile. Mnyoo uliyemla kwenye ini lililopikwa ameshakufa, umekula tu chakula kibaya. Tunalitupa kwa sababu limeharibika, na kwa sababu hakuna mtu anayestahili kulishwa kitu kama kile. Ukitaka kuupata huo ugonjwa wewe mwenyewe, itabidi ufanye kama ng'ombe: ule jani bichi la kwenye maji, ama unywe maji ya pale bila kuchemsha. "Sasa ni nani hapa," nilikuwa nikiuliza, nikitabasamu kwa majivuno, "anayekula majani kama ng'ombe?" Watu walicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Lakini watu hawakukumbuka jibu. Walichokumbuka ni kwamba Daktari anajua ini. Kwa hivyo kila sherehe ya kwetu, kukichinjwa mbuzi, ini lililetwa kwangu kwanza, juu ya sahani, na wageni wote wakanyamaza. Nililigeuza. Nililikunja. Mara moja moja nilitikisa kichwa bila sababu yoyote, ili tu nione wakivuta pumzi. Halafu nikasema, "Pikeni." Naungama kwamba hiyo sahani ilinipendeza kuliko mshahara.

Nikastaafu. Wenzangu waliostaafu huenda Nyeri mjini kila siku, wanasimama nje ya benki, wanajadili nchi. Mimi si mtu wa kutembea. Nikishakunywa chai ya asubuhi sioni kitu mjini ambacho hakitakuja chenyewe nikingoja. Niliweka kiti varandani. Mbele yangu kuna shamba letu linaloteremka mpaka kinamasi kidogo, nyuma ya kinamasi kijito, na mbali kabisa mlima, siku ukitaka kuonekana. Mke wangu, Mama Wangari, alikuwa na ng'ombe mmoja, Karembo, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji kama mtu aliyepigwa na unga. Karembo alikuwa na mimba.

Na ile mimba haikuwa yetu. Sikilizeni vizuri hapa. Jirani yetu, Mama Kimani, mjane, alikuwa amepoteza ng'ombe wake wa pekee, na bila ng'ombe mtu wa kwetu ni kama amekatwa mkono. Yeye na mke wangu wakapatana kwa njia ya zamani: Mama Kimani atamletea Karembo majani ya nepia kutoka shambani kwake wakati wote wa mimba, na ndama akiwa jike, atakuwa wake. Mjane yule alipita mlangoni kwetu kila asubuhi na mzigo wa nepia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akanikuta kwenye kiti.

"Daktari, umeamka?"

"Nimeamka."

"Mbona hauinuki?"

Halafu kiangazi kikaja kirefu. Nepia ya Mama Kimani ikakauka hadi ikabaki vijiti. Mke wangu akaniambia niwe namkatia Karembo nyasi juu kule, karibu na barabara, kwenye mteremko. Nikapaangalia juu kule. Nikapaangalia chini, kinamasini, ambako nyasi ilikuwa kijani kibichi kama imepakwa rangi. Juu ni kupanda. Chini ni kamba tu na mti wa kufungia. Mnajua nilichochagua. Nilijiambia ni kwa muda mfupi. Nilijiambia kwamba konokono wa pale labda ni wa aina nyingine. Mtu akitaka kubaki kitini, huwa msomi ghafla.

Na kwa kuwa nilikuwa tayari nimeshuka mara moja kumfunga, nikaona nisiache ile ardhi nzuri bure. Nikapanda dania pembeni ya kinamasi. Vijana, dania ile! Ilinawiri bila kumwagiliwa, kwa sababu maji yalikuwa yakiifikia yenyewe kila kijito kilipojaa kidogo, yale yale ambamo Karembo alikuwa akisimama, akinywa, na akifanya mengine. Kila mchana nilikata shada, nikalisuuza pale pale kwenye kijito, nikala kachumbari. Wakati mwingine sikungoja nyanya, nilitafuna dania kavukavu nikipanda kurudi kitini. Mke wangu hakuigusa, anasema inanuka kunguni. Mama Kimani nilimpelekea mashada makubwa, kama shukrani ya nepia.

Karembo akaanza kukonda. Nikasema ni kiangazi. Manyoya yake yakasimama. Nikasema ni chumvi, nikanunua chumvi. Akaanza kuharisha. Nikaenda agroveti, duka la dawa za mifugo, nikanunua dawa ya minyoo ya bei ya chini, ile ya kila mtu, nikamnywesha, nikarudi kukaa nikijipongeza. Dawa ile inafukuza minyoo ya tumbo vizuri sana. Huyu wa ini, hasa akiwa bado mchanga anatafuna njia yake, haimsumbui. Nilikuwa nimelifundisha hilo kwa watu, kwa sauti kubwa, mbele ya chifu.

Wakati huohuo mimi mwenyewe nikaanza kuumwa hapa, upande wa kulia chini ya mbavu. Homa ikija, ikienda. Chakula kikakosa ladha, isipokuwa kachumbari. Nikaenda kliniki, wakasema ni taifodi. Kwetu ukiingia kliniki na kucha iliyokatika, utatoka na taifodi. Nikameza dawa zote. Nikaenda kliniki nyingine, wakasema ni vidonda vya tumbo, niache pilipili na kahawa. Yule kijana wa agroveti, bila kuulizwa, aliniambia ni mawazo ya kustaafu. Nikaambiwa pia na wazee wawili kanisani kwamba ni gesi. Kila mtu alikuwa na jibu, na mimi niliyekuwa na karatasi ya duara chini ya kitanda sikuwa nalo.

Siku Karembo aliposhindwa kupanda kutoka kinamasini, mke wangu hakuniuliza. Alimpigia simu Makena. Makena ni daktari wa mifugo, daktari wa kweli, binti wa kule Timau, ambaye alipokuwa mwanafunzi alikuja kichinjioni kwangu kufanya mazoezi. Ni mimi niliyempa kisu na kumwambia, "Funga macho."

Alifika na pikipiki yake, akamsalimia mke wangu, akanisalimia mimi, akaenda moja kwa moja kwa Karembo. Chini ya taya la ng'ombe palikuwa na uvimbe laini, umening'inia kama mfuko wa maji. Nilikuwa nimeuona. Nilikuwa nimejiambia ni kupe.

"Mzee," Makena akasema, bado amenipa mgongo, "ulinifundisha niangalie nini kwanza kwa mnyama mgonjwa?"

"Macho."

"Na umeangalia macho yake?"

"Nimeangalia."

"Ndani ya kope ni rangi gani?"

Makena alivuta kope ya Karembo chini ili nione. Palikuwa peupe kama sahani. Ng'ombe mzima ana rangi ya waridi pale. Huyu alikuwa hana damu.

"Alikuwa analishwa wapi?"

Niliutazama mlima, ambao siku hiyo kwa bahati mbaya ulikuwa wazi wote, hauna hata wingu moja la kujifichia. Mke wangu ndiye aliyejibu. "Uliza kiti chake," akasema. "Kinaona mpaka kinamasi."

Makena alichukua kinyesi cha kwenda kupima, lakini alituambia hatangoja majibu ndipo aanze. Akasema waziwazi kwamba Karembo yuko hatarini, na kwamba mimba iliyobaki kidogo kuzaliwa huomba damu ambayo mama hana. Anaweza kumpoteza ndama. Anaweza kufa yeye pamoja na ndama. Akapima dawa, ile ya mnyoo wa ini hasa, kwa uzito wake. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, mkono umeshika mbavu, nikiitazama chupa.

"Mzee, mbona unashika hapo?"

"Ni taifodi."

"Nani alisema?"

"Kliniki. Halafu ikawa vidonda. Halafu gesi."

Wakati huo mke wangu alikuwa ameleta chakula, na juu ya meza ya varandani palikuwa na bakuli langu la kachumbari, dania imejaa juu kama majani ya ua uliopunguzwa. Makena alilitazama bakuli. Akatazama kinamasi. Akaona pale mistari yangu ya kijani imepangwa vizuri pembeni ya maji, na kamba ya Karembo katikati. Akaketi.

"Mzee," akasema taratibu, "nichoree ile duara."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Niliichora mezani kwa kidole, kwa maji ya kunawia. Ng'ombe. Kinyesi. Maji. Konokono. Jani. Na nilipofika kwenye jani nikaona hakuna haja ya kuurudisha mshale kwa ng'ombe. Ulikuwa unakuja moja kwa moja kwenye kiti.

"Hiyo dawa," nikasema, "kwa mtu wa kilo zangu ni kiasi gani?"

"Hii ni ya ng'ombe. Usiiguse," Makena akasema kwa ukali. "Nenda hospitali kubwa, uwaambie wapime choo watafute mayai ya mnyoo wa ini. Waambie ulikula nini na ulikitoa wapi. Usipowaambia, hawatauliza."

"Mpimie ya punda," mke wangu akasema.

Nilienda. Hilo ndilo la kushika, vijana, mkisahau yote: daktari hawezi kuona kinamasi chako kutoka ofisini. Mwambie. Kijana aliyenihudumia alisikiliza, akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nikamwambia, akainamisha kichwa juu ya meza mabega yakimtikisika. Lakini alipima choo, damu, akapiga na picha ya tumbo. Mayai yalikuwepo. Nilimwomba niyaone kwenye darubini, akaniruhusu. Yalikuwa makubwa, rangi ya dhahabu, yana kifuniko kidogo upande mmoja. Mazuri kweli. Kwa dakika nzima nilihisi fahari ya kipumbavu, kama baba. Halafu nikapewa vidonge vyangu, vya watu, na nikaulizwa kama kuna mwingine aliyekula ile dania.

Hilo ndilo lililonipeleka kwa Mama Kimani. Nilivuka ua unaotenganisha mashamba yetu kwa miguu yangu, na yeye aliponiona nimesimama uani kwake, jambo lisilowahi kutokea, akafikiri mtu amekufa.

"Mama Kimani, ile dania nilikuwa nakuletea. Uliikula mbichi?"

"Mimi? Kitu mbichi? Mimi ni mbuzi?" akasema. "Mimi hupika kila kitu mpaka inyamaze. Kwani iko na nini?"

Nikamweleza. Na baada ya dania ilibidi nimweleze la Karembo, kwamba si kiangazi, si chumvi, si kupe. Nikamwambia yule ndama aliyemlipia kwa mgongo wake huenda asifike, na ni kwa sababu sikutaka kupanda mteremko. Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Alikaa juu ya debe lililopinduliwa, akafungua lesso yake, akaifunga tena.

"Nilikuwa nabeba nepia," akasema, "nikipita hapo kwako, nasema, angalau huko kuna mtu anajua ng'ombe." Akainuka kwenye debe. "Hiyo ndama ikikufa, Daktari, sitakugombanisha. Lakini hapo kwako sitapita tena."

Kwa hivyo niliinuka. Sijui niwaambie nini kuhusu majuma yaliyofuata, maana hayana hadithi, yana nyasi tu. Nilipanda mteremko na panga kila siku, nikakata mbali na maji, nikaanika hadi ikakauka kabisa, kwa sababu jua ni adui wa vile vitoto vilivyojifunika. Nilichota maji ya tangi. Nilizungushia kinamasi ua wa miti na waya kwa mikono hii, na majirani walikuja kutazama, si ua, bali mimi nikifanya kazi. Dania nikaing'oa yote nikaichoma. Ile ninayokula sasa iko juu karibu na jikoni, inanyweshwa maji safi. Kuosha peke yake hakutoshi kama imetoka kinamasini, hata ukiosha na siki, hata ukiomba. Ipike au usiile.

Karembo alipata nafuu polepole sana. Uvimbe wa taya ulipungua, ukarudi, ukapungua. Mama Kimani alikuja kila jioni kumtazama. Hakunisalimia. Alikuwa akivuta kope ya ng'ombe, akiitazama, akienda zake. Nilianza kungoja ile kope kuliko nilivyowahi kungoja mshahara. Jioni moja aliivuta, akaitazama kwa muda mrefu, akamwambia mke wangu, si mimi, "Imeanza kuwa nyekundu."

Ndama alizaliwa asubuhi, mdogo, miguu kama ya meza iliyotengenezwa na fundi mwanafunzi. Alianguka, akainuka, akaanguka, akalipata titi. Jike. Mweusi, na doa la unga kwenye paji. Maziwa ya Karembo hatukuyanywa wala kuyauza mpaka muda wa dawa ukaisha kama Makena alivyotuelekeza, na hilo nalo muwe mnalifanya, msijifanye mmesahau.

Ndama alipofikia kunywa vizuri na kuanza kutafuna nyasi, siku ikafika ya kumhamisha kwa jirani. Tulichinja mbuzi, kama inavyostahili. Majirani wakaja, Makena akaja kutoka mjini, mzee mmoja akaombea ndama na wenye ndama. Mama Kimani alikuwa amesimama karibu na moto, kamba ya ndama mkononi, anacheka kwa mara ya kwanza tangu kiangazi.

Ini likatolewa. Na mimi, msinilaumu, mazoea ya maisha yote hayafi kwa vidonge, nikajikuta nimeinuka kitini. Nikanyoosha mikono yote miwili kuipokea ile sahani. Wageni wakanyamaza kama zamani. Nikaligeuza ini, nikatazama kingo, nikapitisha kidole juu ya mirija, nikavuta pumzi, nikatikisa kichwa kidogo.

Mama Kimani akaichukua sahani mikononi mwangu, akampa mpishi, akasema, "Daktari, wewe kaa chini ukule. Hapa leo ini yenye iko na shida ni moja tu, na hiyo haiko kwa sahani."